Taa Kali ya Pikipiki: Nuru kwa Mmoja, Kiwi kwa Mwingine

Katika pwani ya kusini ya Tanzania giza halikawii kuingia. Mtwara imo karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo urefu wa usiku haubadiliki sana mwaka mzima: kila siku, karibu nusu ya saa ishirini na nne hupita bila jua. Saa moja ya jioni inapofika, vijana wa bodaboda wa Rahaleo, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, huwasha taa zao na kuendelea na kazi. Mmoja humkimbiza mgonjwa Hospitali ya Ligula. Mwingine humrudisha mchuuzi wa samaki nyumbani kwake Mikindani. Wa tatu amekubali safari ya upande wa Msimbati, katika njia za mchanga ambako sehemu kubwa haina nuru yoyote isipokuwa ile ya chombo chenyewe.

Si ajabu, basi, kwamba kitu cha kwanza ambacho kijana hununua baada ya kupata pikipiki, hasa katika msimu wa korosho fedha zinapozunguka, ni taa iliyo kali kuliko ile ya kiwandani. Vibanda vya vipuri vimejaa globu za kila namna: za wati nyingi, za rangi ya buluu, za LED zenye vipande vidogo ving'aavyo pande mbili au tatu. Fundi huchomoa globu ya zamani, huchomeka mpya, na ukuta wa jirani hung'aa kama mchana. Mwenye pikipiki hutabasamu na kulipa.

Hapo ndipo penye swali ambalo elimu ya sayansi haina budi kulijibu. Je, dereva huyo amenunua usalama, au amenunua mng'aro? Mambo hayo mawili hayafanani. Taa njema ni ile ipelekayo nuru mahali inapotakiwa na kuizuia mahali isipotakiwa. Kuongeza nuru bila kuielekeza ni kumwongezea mmoja raha na kumwongezea mwingine hatari. Na mara nyingi yule anayedhani amefaidika hafaidiki sana kama anavyodhani.

Madai ya dereva ni ya haki

Kwanza ni lazima haki itendeke kwa dereva. Malalamiko yake kwamba taa ya pikipiki ndogo ni hafifu si ya uongo. Pikipiki nyingi za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 hutumia globu yenye nyuzi mbili za wati 35, moja ya mwanga wa mbali na nyingine ya mwanga wa chini, yaani dimu. Globu ya halojeni ya aina ya HS1, ambayo hutumika sana, hukadiriwa kutoa lumeni 825 katika mwanga wa mbali na 525 katika dimu. Globu ya gari ya aina ya H4 hutoa takriban lumeni 1,650 na 1,000. Tena gari lina taa mbili, pikipiki ina moja. Mwenye pikipiki, ambaye hana bodi ya chuma ya kumkinga, ndiye aliyepewa nuru kidogo zaidi.

Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, chombo hiki kimekuwa gari la wagonjwa, teksi na lori dogo la wananchi. Kumwambia kijana huyu kwamba aridhike tu na taa yake ni kumkosea. Hoja si kwamba asitafute nuru. Ni kwamba aitafute kwa maarifa.

Hesabu ya umbali

Kila mwanafunzi wa Fizikia hufundishwa kwamba nuru ipigayo mahali hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali. Kitu kilicho mita 20 hupata robo tu ya nuru ambayo kingepata kikiwa mita 10. Kanuni hii huandikwa ubaoni, hujibiwa katika mtihani, kisha husahauliwa. Yafaa sasa ipelekwe barabarani.

Tuseme dimu ya kawaida humwezesha dereva kumtambua mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 30 mbele. Dereva akiweka globu yenye nguvu maradufu, umbali huo hauwi mita 60. Huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha mbili, yaani mara 1.41, na kufikia kama mita 42. Faida ni mita 12. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, ambao ni mita 16.7 kwa kila sekunde, mita 12 hupitwa katika muda wa sekunde saba katika kumi tu. Ili umbali wa kuona uongezeke maradufu, nguvu ya nuru yapasa kuongezwa mara nne.

Sasa na utazamwe umbali wa kusimama. Dereva huchukua kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kushika breki. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, chombo huwa kimekwenda mita 25 kabla breki hazijaanza kazi. Breki zikipunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, kiasi cha wastani kwa njia isiyo nzuri sana, zitahitajika mita nyingine 35. Jumla ni mita 60. Taa ya mita 30 haitoshi, na taa ya mita 42 haitoshi vilevile. Mwenye globu mpya bado anamgonga mtu yuleyule. Tofauti ni kwamba anamwona mapema kidogo kabla ya kumgonga.

Dereva huyohuyo akipunguza mwendo hadi kilometa 40 kwa saa, hutumia mita 17 za kutambua na mita 15 za breki, yaani jumla mita 32. Amejipatia mita 28 bila kutoa hata senti moja, wakati globu maradufu ilimpa mita 12. Tena iko hatari iliyojificha: nuru kali ya karibu humpa dereva imani kwamba anaona vema, naye huongeza mwendo. Ardhi iliyo mita 5 mbele ya gurudumu inapong'aa sana, jicho hujifunga kidogo kwa ajili ya mng'aro huo, na kile kilicho mbali huonekana hafifu kuliko kabla.

Bakuli la taa halipokei kila globu

Wengi hudhani kwamba nuru ya taa hutoka katika globu. Kwa kweli globu hutoa nuru ya kutawanyika pande zote. Kinachoifanya iwe taa ya barabarani ni bakuli linalong'aa nyuma yake. Bakuli hilo lina umbo la parabola, na parabola ina sifa moja kuu: miale itokayo katika fokasi yake huakisiwa ikaenda mbele sambamba. Chanzo kikihama kutoka katika fokasi, miale nayo hukengeuka.

Katika globu ya HS1 na H4 mafundi wa viwandani wametumia sifa hiyo kwa ustadi mkubwa. Uzi wa mwanga wa mbali umewekwa karibu na fokasi. Uzi wa dimu umewekwa mbele kidogo ya fokasi, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Nuru ya dimu hulipiga bakuli sehemu ya juu tu, nayo huakisiwa kuelekea chini barabarani. Ile ambayo ingelipiga bakuli sehemu ya chini na kurushwa juu, machoni mwa watu, huzuiwa na kikombe. Kikombe hicho kidogo ndicho adabu ya taa nzima.

Kipimo cha kazi hii ni cha milimita. Tuseme urefu wa fokasi wa bakuli ni milimita 25. Chanzo cha nuru kikishuka kwa milimita 1 tu, miale iakisiwayo karibu na kitovu cha bakuli hupanda kwa sehemu 1 katika 25, yaani asilimia 4. Kwa umbali wa mita 30, hiyo ni mita 1.2. Nuru iliyopaswa kumulika miguu ya mpita njia sasa inampiga usoni. Globu nyingi za LED za bei nafuu zina vipande vya nuru vilivyobandikwa juu ya ubao mnene, kila kimoja kikiwa milimita kadhaa kutoka mahali ambapo uzi ungekuwa, na baadhi hazina kikombe kabisa. Hata zikiwa na nuru nyingi, bakuli halijui la kufanya nayo, na huitawanya ovyo.

Hii haina maana kwamba LED ni kitu kibaya. Ni miongoni mwa uvumbuzi bora wa zama hizi, na Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014 ilitolewa kwa Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura, Mmarekani mzaliwa wa Japani, kwa kuvumbua diodi ya nuru ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha LED nyeupe. Globu ya halojeni ya pikipiki hutoa lumeni 15 hadi 24 kwa kila wati. LED nzuri hutoa 100 au zaidi. Wavuvi wa dagaa, ambao kwa miaka mingi walipumulisha karabai usiku kucha, wanajua jinsi LED ilivyowapunguzia gharama ya mafuta. Lakini mvuvi ataka nuru itapakae majini pande zote, na dereva ataka nuru iende mahali pamoja. Taa kamili iliyobuniwa kwa ajili ya LED tangu mwanzo, yenye bakuli au lenzi yake yenyewe, ni jambo moja; globu ya LED iliyochomekwa katika bakuli la halojeni ni jambo jingine. Ujerumani iliporuhusu globu za LED za kubadilisha kuanzia mwaka 2020, haikuruhusu zote: ni zile tu zilizopimwa na kuthibitishwa, na katika aina zilizotajwa za magari.

Mnunuzi aliyesoma Fizikia ana silaha nyingine dhidi ya maandishi ya boksi. Nuru ya kijani, ambayo jicho huipokea vema kuliko rangi zote, haiwezi kuvuka lumeni 683 kwa wati hata chombo kisipopoteza chochote. Nuru nyeupe ina kikomo kilicho chini ya hapo kwa mbali. Basi globu ya wati 10 ikidai kutoa lumeni 8,000, yaani 800 kwa wati, inadai jambo ambalo maumbile hayaliruhusu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Umeme haupatikani bure

Wapo wasiopenda LED, wanaochagua globu ya halojeni ya wati 60 au 100 na kuilazimisha iingie. Hawa hukutana na kanuni ya Ohm. Globu ya wati 35 kwa volti 12 ina ukinzani wa takriban omu 4.1 inapowaka. Pikipiki ikitumika pwani, hewa ya chumvi hula viungo vya waya na kuacha kutu ya kijani juu ya shaba. Si jambo gumu kwa swichi, viungo na waya kuwa na ukinzani wa omu 0.4 kwa jumla. Hapo globu haipati volti 12, bali kama 10.9.

Upungufu wa volti moja huonekana mdogo. Lakini nuru ya globu ya uzi haipungui sawasawa na volti. Hupungua kwa takriban kipeo cha 3.4. Volti zikipungua kwa asilimia 9, nuru hupungua kwa asilimia 27. Robo na ushei ya nuru ambayo dereva aliinunua kiwandani imepotelea katika kutu.

Akiweka globu ya wati 60 katika waya uleule, ukinzani wa globu ni omu 2.4. Sasa volti zifikazo kwenye globu ni kama 10.3, na nuru hupungua kwa asilimia 40 ya ile iliyotarajiwa. Mkondo uliokuwa ampea 2.7 umekuwa 4.3. Joto katika viungo vibovu huongezeka kutoka wati 2.8 hadi zaidi ya wati 7, na sehemu yake iko ndani ya swichi ndogo ya plastiki iliyo mkononi mwa dereva. Swichi huyeyuka, taa huzimika ghafla, na kwa kawaida huzimika pale inapohitajika kuliko wakati wowote. Zaidi ya hayo, koili za pikipiki ndogo zimetengenezwa kwa mzigo wa kiwandani. Kinachoongezwa kwenye taa huondolewa kwenye betri, na asubuhi pikipiki haiwaki.

Jicho la anayekuja

Hadi hapa hesabu imemhusu mwenye taa. Lakini barabara si mali yake peke yake. Methali ya wahenga yasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na kila dereva anayelaani taa kali ya mwenzake yafaa ajiulize taa yake mwenyewe inaonekanaje kutoka mbele.

Jicho la mwanadamu lina aina mbili za seli za kupokea nuru: seli koni, zifanyazo kazi mchana na kutambua rangi, na seli fimbo, zifanyazo kazi gizani. Mtu akitoka kwenye nuru kali kuingia gizani, koni huchukua kama dakika 10 kuzoea, na fimbo dakika 30 au zaidi. Mboni nayo hupanuka kutoka milimita 2 hivi hadi 7 kwa kijana. Nuru kali ikiingia ghafla katika jicho lililozoea giza, hutawanyika ndani ya jicho lenyewe na kutandaza utaji mweupe juu ya picha yote. Ndicho kiwi. Mtu aliyetiwa kiwi hajafumba macho, lakini haoni. Na utaji huo ukiondoka, bado hupita sekunde kadhaa kabla hajaona tena vema. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, sekunde 3 ni mita 50 za kwenda kipofu.

Wenye kuumia zaidi ni wazee, kwa sababu lenzi ya jicho huwa na ukungu kadiri umri unavyokwenda, na ukungu huo huitawanya nuru zaidi. Nuru yenye buluu nyingi huyasumbua macho kuliko ile ya manjano yenye nguvu sawa. Na mwenye kufa mara nyingi si mmoja wa madereva wawili waliokutana, bali mtembea kwa miguu aliye katikati yao, ambaye kwa muda huo amefutika machoni mwa wote wawili.

Liko pia jambo la upande. Tanzania, kama ilivyo Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, hufuata mkono wa kushoto. Taa nyingi za gari hutengenezwa ili dimu yake ipande kidogo upande wa kando ya barabara, kumulika watembea kwa miguu. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazofuata mkono wa kulia, kama vile China na sehemu kubwa ya Ulaya, hupanda upande wa kulia. Ikifungwa kwenye chombo cha Mtwara, sehemu hiyo iliyopanda inaelekea moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Inaweza kuwa taa nzuri kabisa; imefungwa tu katika nchi isiyo yake.

Abiria na taa inayotazama juu

Hata taa ya kiwandani isiyoguswa inaweza kutia kiwi, na sababu yake haizungumzwi mara nyingi. Taa ikiwa mita 0.9 kutoka ardhini na kushuka kwa asilimia 1, ukingo wake wa juu hugusa barabara mita 90 mbele. Hivyo ndivyo inavyofaa. Sasa abiria apande, au wawili, au gunia la korosho lifungwe nyuma. Springi za nyuma hushuka. Ikiwa nyuma imeshuka sentimita 4 kuliko mbele, na umbali kati ya magurudumu ni mita 1.3, chombo kimeinamia nyuma kwa asilimia 3. Taa iliyoshuka kwa asilimia 1 sasa inapanda kwa asilimia 2. Kwa umbali wa mita 30, ukingo wa nuru umefika kimo cha mita 1.5: hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa pikipiki inayokuja.

Basi bodaboda, ambayo kazi yake ndiyo kubeba, huitia kiwi barabara kila inapofanya kazi yake. Globu kali huongeza kosa hilo mara mbili au tatu. Na bisibisi ya kurekebisha taa, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya globu yoyote, haiguswi.

Yapasayo kutendwa

Kwa dereva, utaratibu wa busara huanza na mambo ya bei ndogo. Kioo cha taa kisafishwe. Kikiwa kimegeuka manjano, kibadilishwe. Viungo vya waya visuguliwe hadi shaba ing'ae, kisha vipakwe grisi ya kuzuia chumvi. Pale ambapo taa hupata umeme kutoka katika betri, fundi aweke rilei pamoja na fyuzi, ili mkondo mkubwa upite katika waya mnene mfupi na swichi ibebe mkondo mdogo tu. Kwa njia hiyo ile robo ya nuru iliyopotea hurudi. Globu iliyoanza kuwa nyeusi ndani ibadilishwe kwa globu njema ya wati zilezile. Kisha taa ielekezwe dereva akiwa amekalia chombo pamoja na abiria wake wa kawaida.

Anayehitaji nuru zaidi baada ya hayo, kwa ajili ya njia za giza za mashambani, na apate taa kamili iliyobuniwa kwa LED, yenye alama ya kufaa mkono wa kushoto. Au aongeze taa ndogo ya pembeni ya LED ya wati chache, yenye lenzi yake, ifungwe chini ya taa kubwa, iwe na swichi yake, na izimwe kila anapokuja mwingine. Na juu ya yote, mwendo wa usiku ufuate uwezo wa macho, wala si haraka ya abiria.

Kwa walimu wa sekondari, hapa pana maabara isiyohitaji bajeti. Jioni moja, pikipiki moja isimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta wa darasa. Wanafunzi wapime kimo cha taa, kisha wachore kwa chaki mstari wa ukingo wa dimu ukutani. Ukingo unapaswa kuwa sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa. Wapandishe abiria mmoja, kisha wawili, na wachore mistari mingine. Wapime volti kwenye betri na kwenye globu, injini ikiwaka, na wakokotoe nuru iliyopotea. Wachomoe globu ya halojeni na kuchomeka ya LED, na walinganishe ukingo wa nuru ulivyo mkali au ulivyotapakaa. Tahadhari mbili zizingatiwe: globu ya halojeni ipoe kabla ya kushikwa, na kioo chake kisiguswe kwa vidole vitupu. Mwanafunzi aliyeona mistari mitatu ya chaki ikipanda ukutani hatasahau tena maana ya pembe ndogo, na kuna uwezekano mkubwa kwamba kaka yake au baba yake ndiye mwenye pikipiki hiyo.

Kwa wenye mamlaka, wajibu haukwepeki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kabla LED nyeupe haijawahi kuwashwa popote duniani. Viwango vya vipuri vya taa, ambavyo kuvisimamia ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, vinapaswa kumfikia mnunuzi wa Rahaleo kwa namna anayoielewa: alama inayosema globu hii ni ya bakuli gani, ya mkono upi, na lumeni zake ni ngapi kwa kweli. Ukaguzi wa taa usiishie kuuliza kama inawaka. Uulize inaelekea wapi. Ubao mweupe wenye mstari mmoja, ukisimamishwa kwenye kijiwe cha bodaboda, watosha kwa kazi hiyo. Vyuo vya VETA na karakana za SIDO zina uwezo wa kutengeneza mikanda ya waya yenye rilei kwa pikipiki zinazotumika zaidi, kazi iliyo ndani ya uwezo wa kijana yeyote aliyefundishwa ufundi wa umeme.

Lakini kanuni pekee hazitatosha ikiwa dhana iliyo kichwani haitabadilika. Kwa muda mrefu imeaminiwa kwamba nuru ni kama maji kisimani: ikizidi, ni baraka. Sayansi inaonyesha kwamba nuru ni kama maji ya mto: yakielekezwa mferejini hunywesha shamba, yakiachwa yafurike hubomoa nyumba ya jirani. Bakuli, kikombe na bisibisi ndivyo mfereji wa taa.

Usiku wa Mtwara utaendelea kuwa mrefu, na vijana wataendelea kuwabeba wagonjwa, wafanyabiashara na wanafunzi gizani. Wanastahili kuona. Na yule anayekuja mbele yao, pamoja na bibi anayetembea kando ya barabara akiwa na kikapu kichwani, wanastahili nao kuona na kuonekana. Jina la Rahaleo ni zuri, lakini raha ya leo ya mmoja isiwe msiba wa kesho wa jirani yake.